Bwana Yupi Aliyesema

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na kuniomba niseme maneno mawili. Nilisema mawili kweli, "Asanteni sana," nikakaa. Wengine mlidhani ni unyenyekevu. Nilikuwa nimeandaa mengi, na nilipokuwa bado nachagua lipi litangulie, mwenyekiti alishukuru akaruhusu watu waanze kula. Kuhusu saa, nimeifikiria sana. Kumpa saa mtu asiye na zamu tena ni jambo lenye maana, ila sijajua ni maana gani.

Basi nawaandikia, ninyi mliobaki na funguo za kabati la dawa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nitaandika mambo ya miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana mwenye cheti kipya. Nawaandikia hayo kwa sababu wawili wenu mmeniuliza, kwa nyakati tofauti, mtu amwambie nini mgonjwa ambaye dawa yake ni kungoja tu. Sikuwajibu vizuri. Hapa nitajaribu.

Kwetu ni Mbalizi. Nilisomea udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda, Mbeya mjini, karibu kiasi cha kurudi nyumbani kula kila Jumamosi, na nilipomaliza nilikuwa na cheti, kaptula za kaki na hofu. Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nichemshe sindano. Enzi hizo sindano zilikuwa za kioo. Zinachemshwa kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, kisha zinatumika tena. Nilichemsha. Halafu nikawaza: je, kama kuna kijidudu kimoja kigumu kuliko wenzake? Nikaongeza moto. Nikawaza tena. Maji yalikauka, na vioo vikapasuka kimoja kimoja kwa sauti ndogo, kama bisi.

Mkuu wangu alikuja akatazama ndani ya sufuria. "Vijidudu vimekufa," alisema. "Na sindano pia."

Sikufukuzwa. Nilihamishwa. Iringa kulikuwa na hospitali ya misheni iliyoomba dresa mwangalifu, na kwa uangalifu hakuna aliyenizidi.

Nilisafiri juu ya magunia ya lori, nimejifunga blanketi, nikiwaza kama cheti kilichokunjwa bado ni cheti. Hospitali ilikuwa kilimani: majengo ya matofali ya kuchoma, wodi ya wanaume mbele, ya wanawake nyuma, na barabara ya malori ikipita chini yake. Wagonjwa wengi walikuwa Wahehe, na Wabena, na Wasangu waliopanda kutoka bondeni. Mimi Msafwa. Kihehe nilijua neno "kamwene," salamu yao, na nilidhani linatosha kwa kuwa kila niliyemwambia aliniitikia vilevile. Baada ya hapo mazungumzo yaliisha. Kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili, ambacho hakuna kati yetu aliyenyonya nacho. Mimi nilikipata shuleni, wao walikiokota sokoni, kwenye malori na kwa makarani wa kodi. Tulikutana katikati, kila mtu ameshika kipande chake.

Mkuu wa madresa alikuwa Mzee Kikoti, Mhehe mwenye mikono iliyonuka spiriti hata kanisani. Hakuniuliza nilisoma nini. Alinipa mkasi na roli la bendeji akasema, "Kata." Nilikata. Akasema, "Sasa kata bila kutoa ulimi nje." Mengi niliyowafundisha ninyi yametoka kwake: kwamba kidonda kinanuswa kabla hakijaoshwa, kwamba mgonjwa anayelala siku nyingi husuguliwa mgongo kwa spiriti na poda kabla hajalalamika, kwa sababu akishalalamika umechelewa. Mengine hakuyajua, wala hakujisumbua kuyajua. Aliamini malaria inaletwa na maembe mabichi, na aliifukuza kwa bidii sana kwa kuwanyang'anya watoto maembe.

Sasa niwaeleze utaratibu mmoja wa hospitali ile, kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Kila asubuhi, kabla ya uji, dresa wa zamu alisimama mlangoni mwa wodi akasoma Maandiko kwa Kiswahili, kifungu kifupi cha kuwatia wagonjwa moyo. Akimaliza kusoma, pale pale aliposimama, kwa sauti ile ile, alitoa salamu. Madereva wa malori walikuwa wakibeba salamu za vijijini bila malipo, kwa mdomo, wakiziacha kwa mlinzi wa geti. Hivyo dresa alisoma kuwa Bwana ni mwema, akavuta pumzi, akasema: "Mama Tulahi, mumeo anasema mbuzi amezaa. Mama Vumi, dada yako anasema mtoto ameacha kuhara." Kisha uji. Hakuna aliyeona tatizo. Hata mimi, mtu wa kuona matatizo, sikuliona.

Mwanamke ninayetaka kuwasimulia aliletwa kwa lori kutoka Idodi. Huko Uheheni binti wa ukoo wa Kalinga huitwa Sekalinga, na ndivyo tulivyomwita. Kule kwao chini shamba la mahindi hulindwa na mtu aliyekaa juu ya dungu, jukwaa la miti, akipiga debe nyani wasile. Sekalinga alikuwa dunguni peke yake. Mti mmoja ulioza, dungu likalala upande, na paja lake likavunjika katikati. Nyani, alisema, hawakukimbia. Walikaa wakamtazama.

Daktari alimweka kwenye mvuto. Siku hizi mnavyo vyuma vizuri. Sisi tulibandika plasta pana mguuni, tukafunga kamba, tukaipitisha kwenye kapi, kigurudumu kilichofungwa mwishoni mwa kitanda, na kwenye ncha ya kamba tukaning'iniza mfuko wa mchanga. Upande wa miguu wa kitanda uliinuliwa juu ya matofali, ili mwili wake wenyewe uvute upande wa kichwani wakati mchanga unavuta upande wa miguu. Katikati, mfupa ulipaswa kunyooka na kushika. Dawa ilikuwa hiyo. Alitakiwa alale chali, kichwa chini kuliko miguu, majuma mengi, asijigeuze, asikae, asifungue kamba. Akitulia, atatembea. Akifungua, paja litashika limepinda au halitashika kabisa, na mwanamke wa Idodi asiyeweza kuinama na jembe, mwenye watoto wawili, ni mtu wa kuombewa chakula.

Alifungua kamba juma la kwanza. Akafungua tena. Mara ya pili tulisikia mfuko wa mchanga ukianguka sakafuni kama mtu aliyekata tamaa ya kusimama.

"Mama, kwa nini?" nilimwuliza.

"Mahindi."

"Mahindi yatalindwa."

"Na nani? Wewe?"

Nililifikiria kwa haki. "Na ndugu zako."

"Ndugu zangu ni mama yangu mzee na watoto wadogo. Mume yuko mgodini kusini. Alisema anakwenda kutafuta bati za nyumba. Misimu miwili sasa, hata salamu." Alitazama dari. "Dresa, mimi siwezi kulala hapa kama gunia na nyani wanakula. Mguu ikipinda, ipinde."

Mzee Kikoti alifunga kamba upya kwa fundo lingine, la nyuma ya kapi, ambalo mgonjwa angelifikia kwa shida. Alisema ni fundo la kufungia ng'ombe. Alisema pia kwamba mtu akitaka kufungua atafungua, fundo ni la kumpa muda wa kufikiri.

Asubuhi moja zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Niliogopa kusoma kuliko kuchoma sindano. Niliwaza kuhusu sauti, kuhusu pumzi, kuhusu mahali pa kutazama. Nilisimama mlangoni upande wa kitanda cha Sekalinga kwa sababu dirisha lilikuwa hapo. Kifungu kilikuwa juu ya Bwana aliyewaambia watu wake wasifadhaike: kwamba anakwenda kuwatengenezea makao, na akishatengeneza atarudi awachukue, wakae naye. Nilisoma, nikavuta pumzi, nikatoa salamu za mbuzi.

Siku ile Sekalinga alikula uji wote. Kesho yake pia. Alilala chali kama alivyoambiwa, akakubali kusuguliwa mgongo bila kutukana, na fundo la ng'ombe halikuguswa. Nilipopita alinishika mkono. "Dresa, Bwana ameongea nini leo?"

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nikamsomea kwamba Bwana hawaachi wake hata wakipita kwenye maji mengi. "Ndiyo," alisema, "kule kuna mto mkubwa." Nikamsomea kwamba Bwana anajua machozi yao yote. "Sasa amejua," alisema. "Zamani hakujua." Niliona maneno hayo kuwa mazito, ya mtu aliyeongoka. Sista, mzungu aliyesimamia wodi, naye aliona. "Dresa," aliniambia, "huyu mama iko na imani kubwa kupita sisi." Alitaka, akishaondolewa mvuto, atoe ushuhuda mbele ya wodi. Mimi nilianza kuwaza kwamba huenda nina karama. Nilikuwa sijawahi kuwaza jambo zuri kuhusu mimi mwenyewe, na nililishughulikia kwa uangalifu, kama kioo.

Halikudumu. Mchana mmoja nilikuwa nikimbadilishia maji ya kunywa. Lori kutoka njia ya Mbeya lilipiga honi chini barabarani, naye akainua shingo kadiri alivyoweza.

"Dresa, Bwana anajua mlango wa wanawake ni huu wa nyuma? Asije akaingia kwa wanaume."

Nilitabasamu. "Mama, Bwana anajua milango yote."

"Hajawahi kufika hapa."

"Yuko hapa hata sasa. Yuko kila mahali."

Alinitazama kwa huruma. "Hapana. Yuko mgodini."

Nilishika jagi la maji nikakaa nalo. Yote yalinijia kwa mpangilio mbaya: makao, bati, mto mkubwa, machozi. Kila asubuhi nilisimama mahali pa salamu, kwa sauti ya salamu, nikamwambia kwamba Bwana amesema. Na alimjua bwana mmoja tu ambaye angekuwa na sababu ya kumtumia maneno kama hayo.

Vijana, msimcheke. Fikirieni mabwana waliokuwepo. Aliyetuhukumu alikuwa Bwana Shauri. Aliyetukataza kulima mteremkoni alikuwa Bwana Shamba. Aliyekagua vyoo alikuwa Bwana Afya, na porini kulikuwa na Bwana Nyuki, aliyehusika na nyuki. Daktari wetu alikuwa Bwana Daktari. Mume wa mtu ni bwana wake. Katikati ya mabwana wote hao nilileta mwingine, mkubwa kuliko wote, na sikumtambulisha.

Nilikwenda kwa Mzee Kikoti. Alikuwa akichovya pamba kwenye dawa ya zambarau. Nilimweleza. Aliacha kuchovya.

"Anadhani ni mumewe?"

"Ndiyo."

"Na analala kimya?"

"Ndiyo."

"Basi mwache. Mfupa haujui Kiswahili. Acha ushike kwanza, halafu utamwambia ni Bwana yupi."

"Lakini ni uongo, Mzee."

"Nani amedanganya? Wewe umesoma kilichoandikwa. Yeye amesikia anachotaka. Kanisani ni hivyo hivyo kila Jumapili."

Nilikunja bendeji siku nzima nikapima mambo. Nikimwambia, atafungua fundo, na paja litapinda, na itakuwa mimi. Nisipomwambia, atangoja mume kwa kila honi, na siku tumaini litakapokatika atafungua fundo vilevile, na pia itakuwa mimi. Nilijiuliza kama Mungu anaweza kutumia kosa. Nikajibu kwamba anaweza. Nikajiuliza kama kwa hiyo nisilisahihishe. Hapo sikujibu. Mzee Kikoti alizichukua bendeji zangu akazikunjua zote azikunje upya.

Kilichonimaliza si hoja. Ni Sekalinga mwenyewe. Aliniita jioni ile, akasema, "Dresa, kesho ukiongea na Bwana, mpe salamu zangu. Mwambie watoto hawajambo, wako kwa mama. Mwambie asihangaike na bati nyingi, chumba kimoja kinatosha, aje tu. Halafu uniambie atasema nini."

Halafu niseme atasema nini. Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza tu. Kuanzia kesho ningetakiwa nitunge majibu ya mume wa mtu, asubuhi kwa asubuhi, na Maandiko mkononi.

Nilimfuata Mzee Kikoti nikamwomba anisindikize anitafsirie. Alikataa. "Ulimsomea kwa Kiswahili, kamwambie kwa Kiswahili."

"Basi nipe neno moja. Mungu kwa Kihehe."

"Nguluvi," alisema. "Na usimwambie ukiwa umesimama mlangoni. Kaa."

Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Kwa sababu ya matofali, uso wake ulikuwa chini na miguu juu, kwa hiyo nilimtazama kama mtu anayetazama kisimani.

"Mama," nilisema, "yule Bwana ninayemsoma asubuhi. Siyo mume wako. Ni Nguluvi."

Kitanda cha pili mtu alikohoa, akanyamaza haraka, kwa sababu wodi nzima ilikuwa ikisikiliza.

"Mume wangu hajasema kitu," alisema.

"Hajasema."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mama."

Hakulia. Alinyoosha mkono akainuka kiunoni, jambo alilokatazwa, akapapasa pembeni ya kitanda kuelekea kapi. Vidole vilifika kwenye kamba. Nilijua napaswa kumshika, maana mafunzo yalisema hivyo, lakini mikono yangu ilibaki magotini. Niliona nimeshamshika vya kutosha kwa maneno ya watu wengine.

"Huyo Nguluvi," alisema, kamba mkononi, "aliyasema hayo kwa nani?"

"Kwa watu wote wenye shida."

"Idodi anaijua?"

"Anaijua."

"Mume wangu naye aliahidi. Aliahidi vizuri kuliko wewe unavyosoma. Tofauti yao nini?"

Nilikuwa na majibu kumi. Mengine niliyapata shule ya misheni, mengine nilijitungia usiku wakati wa kukosa usingizi, na mawili yalikuwa mazuri. Niliyapitia yote. Hakuna hata moja lililofaa kumwambia mtu aliyelala kichwa chini.

"Sijui kueleza," nilisema. "Mama yangu mzazi, kule Mbalizi, alizika watoto watatu. Mmoja baada ya mwingine, wote kabla sijaanza shule. Kila alipozika alisema Mungu ameahidi hatamwacha. Mimi nilikuwa mdogo, nilimwona anasema hayo analia. Sikuona mtu yeyote amekuja. Lakini asubuhi aliamka, akapika, akaenda shamba. Nilimwuliza anaamkaje. Akasema, 'Siamki peke yangu.' Ndiyo tofauti ninayoijua. Nyingine sina."

Kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

"Watatu?"

"Watatu."

"Baba yako alikuwepo?"

"Alikuwepo. Hakuwa msemaji."

Alitoa sauti puani ambayo ingeweza kuwa kicheko kama ingepewa nafasi. Aliachia kamba. Alilala tena, taratibu, akafumba macho, na machozi, kwa sababu ya mteremko wa kitanda, yalikwenda upande wa nywele badala ya mashavuni.

"Haya," alisema. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Yote. Siku zote ulizosoma. Nilikuwa nasikiliza maneno ya mtu mwingine."

Nilirudia. Ilichukua jioni ile na nyingine kadhaa, kwa sababu alikuwa msikilizaji mgumu. Zamani, maneno yakiwa ya mumewe, aliyapokea yote. Sasa alikagua.

"Hapo pa kutengeneza makao. Ni bati au nyasi?"

"Haikuandikwa."

"Hm. Endelea."

"Na hapo pa maji mengi," aliuliza jioni nyingine. "Anasema maji hayatakuwepo?"

Nilitazama. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikidhani linasema hivyo. "Hapana. Anasema ukipita katikati yake, atakuwa pamoja nawe."

"Kwa hiyo maji yapo."

"Yapo."

"Huyo ni mkweli," alisema. "Mume wangu alisema hakutakuwa na shida."

Ninyi mnaoniuliza mgonjwa wa kungoja anaambiwa nini, nimeandika yote haya kwa ajili ya hapo. Nilikuwa nimetumia ahadi za Mungu kama dawa ya kutuliza: unampa mtu, ananyamaza, unaenda kitanda kingine. Sekalinga alizifungua akatazama ndani kuna nini, na alikuta kidogo kuliko nilivyomtangazia. Hakukuta tarehe, wala bati, wala mlinzi wa mahindi. Alikuta kwamba hayuko peke yake kwenye kile kitanda. Hicho kidogo alikishika, na kwa kuwa hakikumdanganya kuhusu maji, hakikumwangusha.

Msifikiri aligeuka malaika. Zipo asubuhi alizoniambia, "Leo usisome, leo nimemkasirikia," nami nikaenda kusomea upande mwingine. Habari ilikuja kwamba nyani wamemaliza nusu ya shamba, na siku hiyo alitukana nyani, mume, daktari na mfuko wa mchanga, kwa mpangilio huo. Jioni alisema, "Soma pale pa asiyesinzia. Mmoja wetu awe macho." Mumewe hakutuma salamu. Nilimwuliza mlinzi wa geti kila siku, na kila siku hapakuwa na kitu, na kila siku nilirudi nikamwambia hivyo hivyo. Fundo la ng'ombe lilikaa.

Kwa Sista nilieleza mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno "bwana" lina maana ngapi, nikazihesabu mpaka nikafika kwa nyuki. Alivua miwani akaifuta. Tangu siku ile salamu za malori zilitolewa baada ya uji, na mtu mwingine, mlango mwingine.

Daktari alipoondoa mvuto, paja lilikuwa limeshika. Mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Sekalinga aliupima kwa macho akasema shamba lake ni la mteremko, atalima upande mmoja. Alijifunza magongo kwenye veranda, akitoa jasho, akikataa mkono wangu.

Siku ya kuondoka, lori la Idodi likiwa linapakia chini, nilimtafuta nimpe bendeji za akiba. Sikumkuta mlangoni. Alikuwa ameketi kando ya kitanda chake cha zamani, kile cha matofali. Kilikuwa kimepata mtu mwingine, mwanamke kijana aliyevunjika paja siku mbili nyuma, ambaye mumewe alikuwa mashamba ya mkonge Tanga. Tangu aletwe alikuwa akilia na kuvuta kamba. Sekalinga alikuwa ameushika mkono ule wa kuvutia kamba, akimsemesha Kihehe, haraka, kwa sauti ya chini. Katika Kihehe chote kile nilisikia neno moja tu ninalolijua: Bwana. Likaja tena. Bwana. Yule kijana aliacha kulia akageuza macho kuelekea barabarani.

Nilimkimbilia Mzee Kikoti, aliyekuwa akikata pamba mlangoni.

"Mzee, anamwambia nini?"

Alitega sikio. "Anasema lala kimya. Anasema Bwana hatakuacha."

"Bwana yupi? Amemwambia ni yupi?"

Mzee Kikoti alininyamazisha kwa mkasi. Akasikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alicheka, akalazimika kuweka pamba chini.

"Anasema, 'Siyo mumeo, mdogo wangu. Mimi nimeshauliza.'"